Mikanda ya VHS ya nyumbani: jinsi nilivyoihamisha kwenye diski kwa kompyuta yangu (uzi mrefu)

Mwenye Mikanda (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu utakuwa mrefu, naomba mnivumilie. Mimi nilipokuwa nahangaika na jambo hili nilisoma maelezo ya Kiingereza wiki tatu, na kila mmoja alikuwa anasema lake.

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, kuna mikanda miwili ya harusi ya dada yangu, Desemba 1993. Wakati huo Bara hakukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, ITV ilikuja 1994. Deki tulikuwa nayo kwa sababu mjomba alikuwa anafanya kazi Muscat, na mwaka ule alirudi na deki pamoja na kamera ya kubeba begani. Alirekodi tangu asubuhi wanawake wanachambua mchele uani mpaka bibi harusi anaagwa. Humo yumo bibi yetu mzaa mama. Alifariki 1996. Picha zake za mnato tunazo mbili. Sauti yake haipo popote isipokuwa kwenye mikanda hiyo.

Miaka miwili iliyopita niliupeleka mkanda wa kwanza kwenye duka moja linalofanya kazi ya kuhamisha. Nikarudishiwa DVD. Nyuso zote zimetanuka, kwa sababu picha ya 4:3 imevutwa ijaze kioo kipana. Kufikia nusu saa ya pili mdomo na sauti vimeachana: unaona mtu anacheka, kicheko kinakuja nyuma yake. Na robo saa ya mwisho, ile ya kuaga, haipo kabisa. Diski ilijaa, wakaishia hapo. Nilikaa na ile diski mkononi nikawaza: kama mkanda wenyewe ungepotea, basi hiyo ndiyo ingebaki kuwa harusi ya dada yangu.

Ndipo nikaamua kuifanya kazi mwenyewe. Na jambo lililonifanya nifungue uzi huu ni hili: mkanda wa miaka thelathini unaweza ukakupa nafasi moja tu ya kuusoma. Kazi kubwa iko kabla hujabonyeza play. Ya kompyuta ni nyepesi.

Anza kwa kuutazama mkanda. Ubavuni mwa kaseti kuna kitufe kidogo. Ukikibonyeza, unaweza kukiinua kile kifuniko cha mbele. Washa tochi ya simu, angalia utepe wenyewe, halafu angalia na kingo zake kupitia vile vidirisha vya juu. Utepe mzima una rangi moja nyeusi au ya kahawia, laini. Ukiona vumbi jeupe kama unga wa sembe limekaa kwenye kingo za rili, huo ni ukungu. Sisi wa pwani tunaujua, unashika hata viatu. Mkanda wenye ukungu USIUINGIZE kwenye deki. Utachafua hedi, yaani visomaji vya picha ndani ya deki, na kila mkanda utakaofuata utapakwa ukungu uleule.

Pili, nyuma ya kaseti kwenye ule mgongo wa kubandika lebo kuna kijimeno cha plastiki. Kivunje. Kikishavunjika deki haiwezi kurekodi juu ya mkanda huo, hata mtoto akibonyeza kitufe chekundu.

Tatu, peleka mkanda mbele mpaka mwisho, kisha urudishe mwanzo, ndipo ucheze. Mkanda uliokaa kabatini miaka mingi umekazana mahali na kulegea mahali. Ukiuzungusha mzima unakaa sawa, na picha inatulia.

Naendelea chini.

Fundi wa Tandamti

Mwanangu, umeanza vizuri. Mimi nimetengeneza deki tangu 1986. Niruhusu niseme kuhusu hedi kabla hujafika kwenye kompyuta, maana watu wanaziua hapo.

Mwenye Mikanda

Shikamoo mzee. Tafadhali sema, mimi mwenyewe nilitaka kuuliza.

Fundi wa Tandamti

Marahaba. Sikilizeni. Ndani ya deki kuna ngoma ya chuma inayong'aa, imekaa upande upande. Hedi ni vijipande vidogo mno vilivyochomoza kwenye ngoma hiyo, unaweza usivione kwa jicho. Kwa mfumo wa picha wa PAL tunaoutumia huku, ngoma inazunguka mara 1500 kwa dakika. Utepe wenyewe unapita polepole, sentimita mbili na kidogo kwa sekunde. Picha inasomwa kwa mshazari, mstari mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo uchafu kidogo kwenye hedi unatosha kukutoa picha yote ukabaki na chengachenga.

Kusafisha: tumia spiriti ya isopropili, ile ya asilimia 90 kwenda juu. Usitumie vijiti vya pamba vya masikio. Nyuzi za pamba zinanasa kwenye hedi na kuing'oa. Chukua karatasi nyeupe safi isiyotoa nyuzi, ikunje, ilowanishe, ishikilie ITULIE ubavuni mwa ngoma, halafu zungusha ngoma kwa kidole kutoka juu. Karatasi haisogei, ngoma ndiyo inazunguka. Usisugue juu chini hata mara moja. Hedi ikikatika, ndiyo mwisho wake. Subiri ikauke robo saa.

Na raba zote ziguseni. Ikiwa gurudumu la raba linalovuta mkanda limekuwa gumu linang'aa kama kioo, sauti itayumba na mkanda utatafunwa. Deki iliyokaa miaka kumi bila kuwashwa ijaribuni kwanza kwa mkanda msiouhitaji. Jaribuni saa nzima, siyo dakika mbili.

Deki mbovu msizitupe. Kampuni ya mwisho kutengeneza deki mpya, Funai ya Japani, iliacha 2016. Vipuri siku hizi tunavitoa kwenye deki zilizokufa.

Binti Kisauni

Shukran sana baba. Mimi niko Mombasa. Nina kaseti za babangu lakini ni ndogo, haziingii kwa deki. Nifanyeje?

Mwenye Mikanda

Dada, soma maandishi kwenye kaseti. Kama imeandikwa VHS-C, huo ni mkanda uleule wa VHS kwenye kaseti ndogo. Unahitaji adapta yenye umbo la kaseti kubwa. Nyingi zinatumia betri ndogo moja ya kuvuta utepe. Kama imeandikwa Video8 au Hi8, huo ni mfumo mwingine kabisa, na adapta yake haipo, hata muuzaji akikuapia. Lazima upate kamera ya aina hiyo yenyewe iuchezeshe. Kama ni MiniDV, umebahatika: humo picha tayari ni ya kidijitali. Unaunganisha kamera na kompyuta kwa waya wa FireWire na unaichukua kama ilivyo, gigabaiti 13 hivi kwa saa. Shida itakuwa kupata kompyuta yenye tundu la FireWire, za sasa nyingi hazina.

Binti Kisauni

Ni Hi8. Kamera yake iko kwa shangazi, nitaenda kuitafuta wikendi.

Mwenye Mikanda

Itafute na chaja yake. Usisahau chaja.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Nina laptopu ya kawaida ya Windows, ya mtumba. Nilinunua kile kifaa kidogo cha USB chenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu. Njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Deki ina matundu yaleyale nyuma yaliyoandikwa OUT. Wengi hukosea hapo wakachomeka kwenye IN, kisha wanalaumu kifaa. Kama deki yako ni ya S-VHS ina tundu la duara la S-Video, tumia hilo badala ya njano, rangi zinakuwa safi zaidi. Usipitie waya wa antena.

Kifaa changu cha kwanza kilikuwa kibovu: rangi ilififia na sauti ilikuwa na mlio wa nyuki. Niliponunua cha pili mambo yakanyooka. Jaribu kifaa kwa mkanda usio na maana kabla hujagusa wa bibi.

Kwenye programu, mimi natumia VirtualDub, ni ya bure. Mwingine anaweza kutumia OBS. Vitu vya kuweka sawa ni hivi: mfumo PAL (ukiacha NTSC utapata picha nyeusi na nyeupe inayopanda na kushuka), ukubwa 720 kwa 576, fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, sauti kilohezi 48. Hiyo ya mwisho ni kwa sababu DVD inataka 48.

Msirekodi moja kwa moja kuwa faili dogo la DVD. Programu iliyokuja na kifaa itakushawishi ufanye hivyo, na nadhani duka lile ndivyo lilivyofanya. Rekodi kwa kodeki (njia ya kufunga picha kwenye faili) isiyopoteza kitu, kama HuffYUV au Lagarith. Faili litakuwa kubwa, kwangu lilikuwa gigabaiti 30 na zaidi kwa saa moja. Ndiyo, ni kubwa. Lakini hilo ndilo mkanda wako mpya. Diski utaitengeneza kutoka humo, hata mara kumi, bila kurudi kwenye deki.

Na tahadhari iliyonigharimu usiku mzima: diski ya nje ikiwa imefomatiwa kwa FAT32, faili haliwezi kuzidi gigabaiti 4. Nilirekodi saa mbili, nikakuta dakika chache tu. Fomati iwe NTFS au exFAT. Kumbuka kwamba kufomati kunafuta kila kilichomo.

Pwani ya Mbali

Mkuu, kwa nini usicheze mkanda kwenye TV ukarekodi kwa simu? Simu za sasa zina kamera kali.

Mwenye Mikanda

Mkuu, nilijaribu. Mwanga wa TV unacheza, mistari inapita kwenye picha, sauti inaingia na pikipiki za nje na jogoo wa jirani. Kwenye VHS yenyewe picha ni hafifu tayari, ukiipitisha kwenye kioo na lenzi unapoteza hata kile kidogo. Ningekubali njia hiyo kwa hali moja tu: mkanda unakatika, deki inakufa, na huna kitu kingine mkononi. Hapo rekodi kwa simu bila kufikiri mara mbili.

Baba Wawili Minneapolis

Ndugu zangu, mimi niko Marekani. Mama alinitumia mkanda wa ubatizo wangu kutoka Arusha. Nimenunua deki hapa kwenye duka la mitumba, inaonyesha mistari inayoruka tu. Mkanda umeharibika?

Mwenye Mikanda

Kaka, usiutupe! Mkanda ni mzima. Huku kwetu mfumo ni PAL, mistari 625, fremu 25 kwa sekunde. Huko kwenu ni NTSC, mistari 525, fremu karibu 30. Deki ya huko haijui kuusoma wa huku. Unahitaji deki inayocheza mifumo yote, au urudishe mkanda kwa mtu anayekuja nyumbani. Ningekuwa wewe ningechagua la pili: ahamishe hapa, akutumie faili. Kompyuta haina ubaguzi, itacheza PAL popote. Ila akikuchomea DVD ya PAL, deki nyingi za DVD za huko zitaikataa. Mwambie akuwekee kwenye flashi. Na mkanda usafiri mkononi, usiwekwe kwenye begi la mizigo.

Baba Wawili Minneapolis

Asante sana. Nilikuwa karibu kuutupa. Kweli.

Mwenye Mikanda

Tuendelee na sauti kuachana na mdomo, kwa sababu ndiyo iliyoniuma zaidi. Mkanda wa zamani hautembei kwa mwendo ulionyooka kabisa. Mawimbi ya picha yanatetemeka, kifaa kinashindwa kusoma fremu fulani, kompyuta inaiacha. Picha inapungua fremu moja hapa, tatu pale. Sauti haipungui. Baada ya saa moja tofauti imekuwa sekunde nzima. VirtualDub inakuonyesha pembeni idadi ya fremu zilizodondoka. Ikiwa namba hiyo inapanda, simama, tafuta sababu. Mimi nilizima intaneti na kizuia virusi, nikafunga kila programu, nikachomeka kifaa moja kwa moja kwenye laptopu badala ya kupitia kigawanyaji cha USB, na nikarekodi kwenye diski tofauti na ile yenye Windows. Zikabaki tatu kwa saa nzima.

Kuna na njia nyingine ambayo wataalamu wanaipenda: kupitisha picha kwenye kifaa cha kunyoosha mawimbi kabla ya kompyuta. Ni ghali. Lakini baadhi ya zile mashine za mezani za kurekodi DVD zina kitu kama hicho ndani. Unachomeka deki kwenye mashine, mashine kwenye kompyuta, lakini usirekodi kwenye mashine, inapitisha tu. Jirani alikuwa nayo imekaa chini ya TV. Juu ya picha, pale kwenye nguzo za turubai zilizokuwa zinapinda kama nyoka, zikasimama wima.

Umeme nao. Ukikatika mkanda ukiwa ndani, utepe unabaki umezungushwa kwenye ngoma. Usijaribu kuutoa kwa nguvu, ngoja umeme urudi, deki yenyewe itauachia. Nilikopa UPS ofisini, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, nikachomeka deki na laptopu zote.

Zumari

Chini kabisa ya picha yangu kuna utepe mwembamba unaochezacheza. Ni hedi?

Fundi wa Tandamti

Hapana mwanangu. Hapo ndipo hedi moja inapomwachia mwenzake zamu. Upo kwenye kila mkanda. TV za zamani za chogo zilikuwa zinaficha kingo za picha, ndiyo maana hukuwahi kuuona. Usiguse deki.

Zumari

Ahsante mzee. Na mkono wa mtu ukisogea haraka naona meno kama ya kitana.

Mwenye Mikanda

Hilo nalo siyo ubovu. Picha ya PAL imegawanywa nusu mbili za mistari, zinapishana, nusu 50 kwa sekunde. TV za zamani zilizionyesha kwa zamu. Kioo cha kompyuta kinazionyesha kwa pamoja, basi kanga inayopepea inaota meno. Kwa DVD iache hivyohivyo, deki ya DVD na TV zinajua kuishughulikia. Kwa nakala ya kwenye simu ndipo uziunganishe nusu hizo, na uchague fremu 50 kwa sekunde, siyo 25, ili mwendo ubaki laini kama ulivyokuwa.

Kuchoma diski sasa. Hapa pafupi. DVD ya kawaida ina gigabaiti 4.7. Saa moja ya picha inaingia kwa ubora mzuri, megabiti 8 kwa sekunde. Saa mbili inaingia kwa megabiti 5 kasoro, bado inatazamika. Mkanda wa E-180 una saa tatu; ugawe diski mbili, usiubane. DVDStyler inatengeneza menyu na kugeuza faili kuwa MPEG-2, aina ambayo DVD inasoma, ni ya bure. Hakikisha umechagua PAL na 4:3, ili watu wasinenepe. ImgBurn inachoma. Choma kwa kasi ndogo na uache programu ihakiki mwishoni. Andika jina kwa kalamu laini ya wino wa maji, usibandike stika, na usiiache diski dirishani.

Lakini diski ni ya kina mama na wajomba wenye deki ya DVD sebuleni. Lile faili kubwa ndilo la kutunza, kwenye diski mbili za nje, nyumba mbili tofauti. Moja iko kwangu, moja iko kwa dada. Mkanda wenyewe nao usitupwe, umesimama wima kwenye kabati, umerudishwa mwanzo.

Binti Kisauni

Na ule wa pili? Ulisema ni miwili.

Mwenye Mikanda

Wa pili ulikuwa na ukungu. Nilimpelekea Fundi wa Tandamti, yeye ataeleza.

Fundi wa Tandamti

Nilifungua kaseti, skrubu tano upande wa chini. Nje kwenye upepo, barakoa usoni, maana vumbi lile si la kuvuta kifuani. Kwanza nikauacha siku nne mahali pakavu. Kisha nikaupitisha utepe wote, zaidi ya mita 250, katikati ya kitambaa laini kisichotoa nyuzi kilichoguswa na spiriti kidogo, nazungusha rili kwa mkono. Kazi ya mchana mzima. Palipokuwa na mkunjo nimepaacha, sijapakata. Nikahamishia rili kwenye kaseti nyingine safi. Nikampa na deki yangu ya zamani, kwamba tukichafua, tuchafue hiyo. Baada ya mkanda huo nimeisafisha hedi tena.

Mwenye Mikanda

Nimeurekodi jana usiku. Robo saa ya kwanza ni chengachenga, sauti tu. Baada ya hapo picha inakuja.

Dakika ya 41, uani. Mjomba anapita na kamera kando ya jiko la kuni. Bibi amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, kifuu kwenye viganja, kanga ameifunga shingoni. Unasikia meno ya mbuzi yanakwaruza, kwa mpigo uleule, haharakishi. Anainua uso, anaona kamera, anasema: "Usinipige mimi, kampige bibi harusi." Anarudi kwenye nazi yake. Sekunde tisa.

Asubuhi nilimwita dada. Nilimwekea bila kumwambia kitu. Alipofika hapo alinishika mkono, akasema rudisha. Nikarudisha. Mara ya tatu akaniambia niongeze sauti, maana nyuma ya bibi kuna mwanamke anaimba, na yeye anamjua ni nani. Mimi sikuwa nimemsikia kabisa.

Mzee, deki yako nitairudisha Jumamosi. Nakuja na mkanda mwingine, wa maulidi ya 1995. Huo utepe umekatika katikati, na mtu aliuunga kwa gundi ya karatasi.

Fundi wa Tandamti

Usiucheze. Gundi ile inayeyuka inashika hedi. Njoo nao hivyohivyo, tutaikata sehemu ya gundi na kuunga kwa utepe wake maalumu. Tutapoteza nusu sekunde. Njoo mapema, kabla jua halijawa kali.